Ufahamu na Ufupisho: Garimoshi la Wales na Tanuri la Katuruka

Swali la ufahamu ni swali ambalo mtahiniwa amekabidhiwa majibu yake pamoja na karatasi ya mtihani. Hata hivyo, wapo wengi wanaopoteza alama hapo hapo. Mara nyingi sababu si ugumu wa habari. Mtahiniwa husoma mara moja kwa haraka, akakutana na jambo analolijua, kisha akajibu kwa yale aliyokuja nayo kichwani badala ya yale yaliyoandikwa. Ukipewa habari ya kahawa nawe umezaliwa Kamachumu, majaribu ni makubwa zaidi: utamsahihisha mwandishi badala ya kumjibu mtahini.

Kwa sababu hiyo habari ya sura hii inahusu Kagera. Wewe wa Bukoba au Muleba, jipime uone kama unaweza kuisoma kama mgeni. Wewe unayesoma kitabu hiki ukiwa Mtwara au Iringa una nafuu kidogo, maana hutashawishika kujaza.

Anza kwa kusoma maswali, ili ujue unatafuta nini. Kisha soma habari mara mbili. Mara ya kwanza soma bila kalamu, uone habari inatoka wapi na inakwenda wapi. Mara ya pili andika pembeni mwa kila aya maneno mawili au matatu yanayotaja wazo lake kuu. Kazi hiyo ndogo ndiyo itakayokuokoa utakapofika kwenye ufupisho.

Soma kifungu cha habari kifuatacho kisha jibu maswali yanayofuata.

Mkoa wa Kagera haujawahi kupitiwa na reli. Kahawa ya Bukoba na Muleba ilivuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilifika mwaka 1901, na baadaye hadi Mwanza, ambako reli ya Tanganyika ilifika mwaka 1928. Meli zenyewe zilizaliwa na reli. Meli za mvuke kama Usoga na Rusinga zilitengenezwa Uingereza vipande vipande, vipande vikaletwa Mombasa, vikapakiwa kwenye garimoshi na kuunganishwa Kisumu, ambako ziliteremshwa majini mwaka 1913 na 1914. Miaka mingi baadaye ilijengwa gati Kemondo, na mabehewa ya mizigo yakawa yanafika hapo yakiwa yamebebwa juu ya meli. Mtoto wa Kemondo aliweza kuona behewa kwa macho yake bila kuona reli yoyote zaidi ya ile fupi ya gatini.

Siku hizi mvuke umestaafu. Treni zetu huvutwa na injini za dizeli, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hukimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kichwa cha treni cha mvuke kikiachwa mvuani hugeuka chuma chakavu, na chuma chakavu huuzwa kwa kilo. Lakini wapo watu duniani waliokataa kuuza.

Reli ya Talyllyn, katika nchi ya Wales nchini Uingereza, ilijengwa katika miaka ya 1860 ili kubeba mawe bapa ya kuezekea nyumba kutoka machimboni. Urefu wake haufiki kilomita 12. Machimbo yalikufa, na mwaka 1950 mwenye reli naye akafariki dunia, ikawa dhahiri kwamba reli hiyo itang'olewa. Mwandishi mmoja aitwaye Tom Rolt na wenzake wakaitisha mkutano mjini Birmingham Oktoba mwaka huo huo, wakaunda chama, na tarehe 14 Mei 1951 wakaendesha treni yao ya kwanza. Hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Walikuwa na kichwa kimoja tu cha treni kilichoweza kufanya kazi, Dolgoch, ambacho umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Watu ambao hawakuwahi kufanya kazi ya reli walijifunza kufyeka majani yaliyofunika njia, kung'oa mataruma yaliyooza chini ya reli na kuweka mapya, na kupakia makaa. Hata hivyo, juhudi zao zingekwama kama wasingewakuta wafanyakazi wachache wa zamani ambao bado walikuwa kazini. Kitabu kinaweza kukueleza boila ni nini. Hakiwezi kukufundisha kutambua kwa sikio kwamba boila inataka maji.

Kagera hakuna garimoshi la kufufua, lakini kuna moto mwingine wa zamani. Katika kijiji cha Katuruka, Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba, palikuwa na mti ulioitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufua chuma. Wazee walisimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni, nao mnara ukaanguka. Msikilizaji wa kawaida angecheka na kwenda zake. Mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliyekuwa akifanya utafiti huko mwaka 1970, aliyachukua masimulizi hayo kwa uzito akachimba mahali pale. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma ambayo umri wake ulipimwa ukaonekana kuzidi miaka 2,000. Miaka michache baadaye mabaki ya matanuri ya kale yalichimbuliwa pia Kemondo, eneo lile lile ambako mabehewa yalikuja kushushwa.

Mwaka 1976 Schmidt na mtaalamu wa metali, Donald Avery, waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe tena chuma kwa njia ya jadi. Kazi hiyo ilikuwa imekoma miongo mingi nyuma, kwa kuwa chuma cha kununua kiliondoa faida ya kukesha tanurini. Wazee waliifanya au waliiona walipokuwa vijana, na hakuna aliyekuwa ameiandika. Ilibidi waunganishe kumbukumbu zao. Walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu, wakalijaza nyasi za kinamasi zilizochomwa, wakajenga tanuri juu yake, wakaingiza mirija ya udongo na kuvukuta. Hawakufaulu mara moja, lakini chuma kilipatikana. Septemba 1978 watafiti hao wawili walichapisha matokeo katika jarida la Science, wakidai kwamba mirija iliyoingia ndani sana ya tanuri iliipasha hewa moto kabla haijayafikia makaa. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo. Kwamba wazee walitoa chuma, hilo halina ubishi. Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na habari za tanuri zikafunikwa na habari za vita.

Pigo lililofuata lilikuwa la kimyakimya. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera. Ugonjwa huo uliwaondoa hasa watu wazima walio katika umri wa kufanya kazi, na katika nyumba nyingi wakabaki wazee na wajukuu. Kizazi ambacho kingepokea maneno ya wazee na kuyapitisha kwa watoto kikawa pengo. Kuanzia mwaka 2008 wakazi wa Katuruka, kwa hiari yao, walianza kukusanya masimulizi ya wazee waliobaki. Walimshirikisha Schmidt, wakajenga upya majengo ya jadi na kupafanya mahali pale pawe pa kuwapokea wageni na wanafunzi. Mti wa Kaiija wenyewe haupo tena. Watu wa Wales walikuwa na kichwa cha treni, wakatafuta mikono ya kukiendesha. Watu wa Katuruka walikuwa na wazee wanaokumbuka, na muda mfupi wa kuwasikiliza.

Maswali

(a) Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa habari uliyosoma kisichozidi maneno matano.
(b) Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika habari: (i) mataruma (ii) imekoma (iii) pengo.
(c) Mwandishi ana maana gani anaposema kuwa meli "zilizaliwa na reli"?
(d) Kuhusu chuma kilichoyeyushwa mwaka 1976, ni jambo gani wataalamu wanalibishania na ni jambo gani halina ubishi?
(e) Onesha jambo moja ambalo watu wa Wales na watu wa Katuruka walifanana, na jambo moja ambalo walitofautiana.
(f) Neno "garimoshi" limeundwa kwa njia gani? Toa mifano miwili mingine ya maneno yaliyoundwa kwa njia hiyo.
(g) Fupisha aya mbili za mwisho kwa maneno yasiyozidi 60.

Majibu na maelezo yake

Usisome sehemu hii kabla ya kujibu. Funika ukurasa kama huna uhakika na nafsi yako.

(a) Kichwa kizuri ni kama "Kufufua Ufundi wa Zamani". Kina maneno manne, na kinabeba habari nzima. "Historia ya Katuruka" kinaacha nje nusu ya habari, na "Reli ya Talyllyn" kinaacha nusu nyingine. Mwanafunzi mwingine ataandika "Umuhimu wa Kutunza Urithi wa Taifa Letu la Tanzania". Huyo amekosa mara mbili: amezidisha maneno, na amelifanya kuwa la Tanzania jambo ambalo habari imelipeleka hadi Wales.

(b) Mataruma ni vipande, mara nyingi vya mbao, vinavyolazwa chini ya reli ili kuishikilia. Kama hukulijua neno hili kabla, habari imekupa njia: yako chini ya reli, yanaoza, yanang'olewa na kuwekwa mengine. Mtahini hakutegemei uwe umefanya kazi ya reli, anakutegemea utumie muktadha. Imekoma ni imeacha kufanyika. Angalia usiandike "imekomaa", kosa ambalo huja kwa sikio. Pengo ni nafasi tupu iliyoachwa na watu waliokufa. Anayejibu "nafasi kati ya meno" ametoa maana sahihi ya kamusi, na atapata sifuri, kwa sababu swali limesema "kama yalivyotumika".

(c) Ana maana kwamba bila reli meli hizo zisingefika ziwani, kwa kuwa vipande vyake vilisafirishwa kwa garimoshi kutoka Mombasa hadi Kisumu na kuunganishwa huko. Hili ni swali la maana iliyofichika. Usinakili sentensi ya habari na kuiacha hivyo. Sema kwanza maana, kisha taja ushahidi.

(d) Kinachobishaniwa ni dai la kwamba mirija iliyoingia ndani sana ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Kisicho na ubishi ni kwamba wazee walitoa chuma. Swali hili huwanasa wengi, hasa watahiniwa wa Kagera. Wengine huandika kwamba dai lote limethibitishwa kwa sababu wangependa liwe hivyo. Wengine, wakiona neno "walilipinga", huandika kwamba jaribio lilishindwa. Habari haikusema hivyo wala vile. Ukiona katika aya moja kuna anayedai na anayepinga, pigia mstari hasa kile kinachopingwa, usivuke hapo.

(e) Walifanana kwa kuwa wote walijitolea kuokoa jambo la kale lililokuwa likipotea, na wote waliwahitaji watu waliolijua tangu zamani. Walitofautiana kwa kuwa Wales mtambo ulikuwepo na wakahitajika watu wa kuuendesha, ilhali Katuruka kilichokuwepo ni kumbukumbu za wazee, na muda wa kuzipata ulikuwa mfupi. Hapa swali limetaka jambo moja na jambo moja. Ukitaja matano huongezewi alama, unapoteza dakika utakazozililia kwenye insha.

(f) Limeundwa kwa kuambatanisha maneno mawili, yaani gari na moshi. Mifano mingine ni askarikanzu (askari na kanzu) na batamzinga (bata na mzinga). Kwa faida yako, neno hili lilizaliwa wakati wa mvuke, moshi ulipokuwa ndiyo alama ya treni inayoonekana kutoka mbali. Dizeli ilikuja na neno likabaki, sasa umeme umekuja na bado wapo wanaosema garimoshi, ingawa treni ya umeme haitoi moshi hata kidogo. Mtahini akiuliza kwa nini maana ya neno huweza kupanuka kuliko viungo vyake, mfano huo unao.

(g) Tuanze na jibu ambalo si zuri, ili uone linapokosea:

"Habari hii inazungumzia wazee wa Kihaya ambao walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu, wakalijaza nyasi za kinamasi, wakaingiza mirija ya udongo na kuvukuta, na pia inazungumzia UKIMWI ambao ni ugonjwa hatari na sisi vijana tunapaswa kujikinga nao."

Maneno matatu ya mwanzo yamepotea bure, kwa sababu mtahini anajua kuwa ni habari. Katikati, mwandishi amebeba hatua za kazi moja baada ya nyingine, wakati wazo kuu ni kwamba chuma kiliyeyushwa tena kwa kumbukumbu za wazee. Mwishoni ametoa ushauri wa afya. Ushauri ni mzuri, lakini haumo katika habari, na ufupisho haupokei wageni. Tena amesahau kabisa kazi ya wakazi wa Katuruka kuanzia mwaka 2008, ambayo ndiyo habari ilikokuwa inaelekea.

Sasa rudi kwenye maneno uliyoandika pembeni mwa aya. Aya ya tano: wazee wayeyusha chuma, matokeo yachapishwa, ubishi, vita. Aya ya sita: UKIMWI, pengo, wakazi wakusanya na kujenga. Yaunganishe kwa lugha yako mwenyewe:

"Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliunganisha kumbukumbu zao wakayeyusha chuma kwa njia ya jadi iliyokuwa imekoma. Watafiti waliandika matokeo, ingawa maelezo yao kuhusu hewa yanabishaniwa. Vita na UKIMWI vilifuata, na kizazi cha kati kikapungua. Kuanzia 2008 wakazi wa Katuruka walikusanya masimulizi ya wazee waliobaki na kujenga upya majengo ya jadi."

Hayo ni maneno 50. Hesabu mwenyewe, maana siku ya mtihani hakuna atakayekuhesabia kabla hujakabidhi karatasi. Nafasi ya maneno kumi iliyobaki si deni, hulazimiki kuijaza. Kumbuka pia kuandika matayarisho na jibu safi mahali tofauti, kisha ukate matayarisho kwa mstari mmoja ulionyooka. Karatasi yenye majibu mawili ya swali moja humwacha msahihishaji akijiuliza uliamua lipi.

Jambo la mwisho kuhusu ufupisho huu. Mwanafunzi anaweza kuuliza kama jina la Schmidt liingie au lisiingie. Katika aya hizi mbili tumeliacha, kwa sababu waliofanya kazi ya moto ni wazee, na waliofanya kazi ya kuokoa ni wakazi. Lakini ungetakiwa kufupisha aya ya nne, usingeweza kumwacha, kwa kuwa hapo yeye ndiye mtendaji. Tafuta mtendaji wa kila aya kabla ya kuamua jina gani libaki.

Zoezi

Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 40. Kisha fupisha aya ya kwanza kwa maneno yasiyozidi 30, bila kutaja jina la meli yoyote. Badilishana karatasi na mwenzako, kila mmoja ahesabu maneno ya mwingine na kupigia mstari neno lolote ambalo halikutoka katika habari.